Mfalme na Tisa za Kopa

Tulikuwa kwenye shindano la poka. Madau ya lazima yalikuwa yamefika 1,000 na 2,000, na juu yake ante, yaani mchango wa kila mgao, ya 2,000 ambayo mwenye dau kubwa huilipia meza nzima. Zamu hiyo ilikuwa yangu. Kabla ya mgao nilikuwa na chipu za 50,000. Mchezaji wa nafasi ya kitufe, ile inayocheza mwisho katika kila hatua baada ya flopu (karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani), akapandisha hadi 4,500. Mwenye dau dogo akajitoa. Nikainua pembe za karata zangu: mfalme wa kopa, tisa ya kopa. Nikaongeza 2,500, mezani pakawa na 12,000.

Karata hutazamwa mara moja tu. Viganja vinazikinga, dole gumba linainua pembe kidogo, kisha unaweka chipu moja juu yake na kuziacha hapo. Zikitoka kopa tatu mezani halafu mtu akarudi kuchungulia, amewaambia wenzake kwamba hakushika vizuri aina za karata zake. Mwenye kopa mbili mkononi huwa hasahau.

Flopu ilikuwa malkia wa kopa, saba ya kopa na mbili ya pau. Nikagonga meza kupitisha, yeye akaweka 6,000. Sasa hesabu: nikipata kopa moja zaidi nina karata tano za aina moja, mkono unaoishinda jozi. Karata 52 ukitoa tano ninazoziona zinabaki 47. Kopa ni 13, nne naziona, zimebaki tisa. Tisa kwa 47 ni kama asilimia 19. Wafalme watatu waliobaki nao wangeweza kunisaidia kama jozi yake ni ya malkia, hivyo karata 12, yaani asilimia 25 na nusu. Nilitakiwa kulipa 6,000 ili nigombee 18,000, bei inayohitaji asilimia 25. Nikalipa. Haikuwa nafasi nono, lakini ilikuwa halali.

Hapa ndipo wengi hupotelea. Wamefundishwa kwamba baada ya flopu unazidisha idadi ya karata zinazokufaa kwa nne: tisa mara nne, asilimia 36, na hesabu kamili inatoa 35. Ni kweli, ila hiyo ni nafasi ya kuona karata zote mbili zilizobaki bila kulipa tena. Inafaa pale tu ambapo chipu zote zimeshaingia. Mwenzako akiwa bado ana nguvu ya kukudai tena kwenye karata ya nne, unanunua karata moja, na kipimo chake ni kuzidisha kwa mbili. Nimeona watu hodari wakimaliza chipu zao taratibu kwa kosa hilo moja, wala hawajui zimekwendea wapi.

Karata ya nne ikawa nne ya shupaza. Nikapitisha. Mezani palikuwa na 24,000. Jamaa akataja kiasi kwanza, ndipo akasukuma minara yake miwili: 24,000. Kutaja kwanza kuna maana yake, kwa sababu ukisukuma kwa awamu bila kutamka, mgawaji anahesabu awamu ya kwanza peke yake.

Nilitakiwa kulipa 24,000 ili nigombee 48,000. Bei ni theluthi moja, asilimia 33. Karata nisizoziona sasa ni 46. Kopa tisa: chini kidogo ya asilimia 20. Nikiongeza wafalme: 26. Nikajaribu kuhesabu na zile ambazo ningeweza kumnyang'anya baadaye, maana baada ya kulipa ningebaki na 13,500. Tuseme kila ninapoipata karata yangu, anazilipa zote: nashinda 61,500 mara 12, napoteza 24,000 mara 34. Ni 738,000 dhidi ya 816,000. Hata kwa ukarimu huo wote napoteza karibu 1,700 kila ninapolipa. Na tulikuwa karibu na nafasi za kulipwa, mahali ambapo chipu unazopoteza huuma kuliko zinavyofaidisha zile unazoshinda.

Tena kulikuwa na ree ya kopa. Kama anayo pamoja na kopa nyingine, kopa ninayoisubiri ndiyo inayonizika. Kwenye fainali ya shindano kuu la World Series of Poker 2004, lililokuwa na washiriki 2,576, David Williams, kijana aliyetokea kwenye mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, alishika ree na nne dhidi ya jozi ya nane ya Greg Raymer. Mezani zikatoka nne, mbili, tano, kisha mbili, kisha mbili tena. Wote wawili walikuwa na ful hausi, yaani karata tatu zinazofanana na jozi. Ya Williams ilikuwa ya pili.

Nikazitupa.

Jirani yangu akamwomba mgawaji aonyeshe karata ya tano ingekuwa ipi. Mgawaji akakataa, na alifanya vyema, kwani mgao ulishakwisha. Ingekuwa kopa, bado zingekuwa tisa kati ya 46.

Nilikuja kwenye poka nikiwa na hesabu hii tayari. Ilitoka kwenye Magic, mchezo aliobuni mwanahisabati Richard Garfield, ukatoka mwaka 1993. Huko unaulizwa swali kabla hujacheza chochote. Tuseme fungu ni karata 40, na 17 kati yake ni ardhi, karata zinazolipia nyingine. Umevuta saba, na ndani yake ardhi ni mbili. Unabaki nazo? Zimebaki 33, ardhi 15. Anayeanza huwa havuti katika zamu yake ya kwanza, kwa hiyo kufikia zamu ya tatu amevuta mbili tu: uwezekano wa kupata walau ardhi moja zaidi ni asilimia 71. Asiyeanza amevuta tatu: 85. Karata saba zilezile, na uamuzi unaweza kuwa tofauti kabisa.

Wakati wa mapumziko niliandika daftarini nafasi za viti, dau la kila hatua, na kiasi nilichobaki nacho: 37,500. Tuliporudi madau yalipanda hadi 1,500 na 3,000, ante 3,000. Mzunguko mmoja wa meza ungenigharimu 7,500, kwa hiyo nilikuwa na mizunguko mitano. Kwa akiba ya namna hiyo hakuna tena kulipa ili kuangalia flopu: ni kuweka zote au kujitoa. Mgao wa kwanza nilipata ghulamu na nne za aina tofauti. Nikajitoa.