Siku Moja Maishani Mwangu: Mezani na Kofia za Chuma za Wajerumani

Saa mbili asubuhi, Hamburg. Nafungua stoo, nawasha taa ya mezani, navaa glavu. Kazi yangu ni kuthamini vifaa vya zamani vya kijeshi kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa. Leo kuna sanduku la mama mjane: kofia tatu za chuma za Vita vya Pili vya Dunia, mali ya marehemu mumewe.

Kofia siitazami usoni kwanza. Naipindua. Ndani ya ukingo wa kushoto kuna mhuri uliogongwa kwenye chuma, na hii ya kwanza inasomeka ckl64. Hizo herufi ni za kiwanda cha Thale, ambacho mwanzoni kilikuwa kikigonga ET. 64 ni saizi ya chuma. Chuma cha 64 hukaa na ngozi ya ndani ya 56 au 57. Ningekuta 59 ningejua imetolewa kwenye kofia nyingine. Ukingo haukukunjwa, umeachwa ulivyokatwa, basi ni M42, yaani muundo wa mwaka 1942. Vita vilikuwa vimekolea na kiwanda kina haraka. Haina nembo, rangi imechoka ndani na nje kwa kiasi kimoja. Halali. Inayofuata.

Saa tatu na nusu. Hii ndiyo itakayokula asubuhi yangu. Ni M35, kwani matundu ya hewa yana vipete vilivyopachikwa. Kwenye M40 tundu limefinyangwa kutoka kwenye chuma chenyewe. Mhuri ni Q66, wa kiwanda cha Quist, Esslingen. Kushoto tai wa jeshi la nchi kavu, kulia ngao ya nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Mwaka 1940 iliamriwa ngao iondolewe, na askari wengi waliikwangua au kuipaka rangi juu. Ndiyo maana M35 yenye nembo zote mbili huvuka euro elfu moja, wakati dada yake asiye na nembo ni mia kadhaa tu. Tofauti yote hiyo imebebwa na kitu chembamba kama ganda la kitunguu! Kwa hiyo tapeli hahangaiki kutengeneza kofia. Ananunua halali, anabandika nembo mpya, anapitisha msasa, anauza. Kofia feki kabisa zipo, lakini zinazonisumbua mimi ni hizi zilizochakachuliwa.

Naweka lenzi kwenye bawa la tai. Kuna mchubuko mrefu unaotoka kwenye rangi ya kijani kuelekea bawani. Kama nembo ni ya zamani, mchubuko ungeikata nayo. Hapa unafika kwenye bawa, unaingia chini yake, unatokea upande wa pili. Rangi ya fedha ya nembo imezama hadi ndani ya mchubuko. Yaani kofia ilichubuka kwanza, tai akaja baadaye.

Nazima taa, nawasha tochi ya UV, ya mwanga wa urujuanimno. Tai anang'aa bluu, dalili ya kitu cha kisasa. Peke yake hilo lisingenitosha, maana hata sabuni ya kisasa huacha mng'ao, ila mchubuko umeshasema. Pini tatu zinazoshika ngozi ziko sawa, rangi vichwani haijapasuka. Chuma, rangi na ngozi ni vya kweli.

Saa saba mchana. Nakula huku binamu yangu wa Tanga akipiga simu.

"Shikamoo kaka. Kuna mzee anauza kofia ya chuma ya Mjerumani, ya mwaka 1914."

"Marahaba. Mwambie ashike kofia yake."

Kofia hizo za chuma Wajerumani walianza kuzigawa mwaka 1916. Meli ya mwisho kuwafikishia shehena huko kwetu Afrika Mashariki, Marie, ilitia nanga Sudi mwezi Machi mwaka huohuo. Jeshi la kamanda wao huko, von Lettow-Vorbeck, lilipigana na kofia za jua na tarbushi.

Saa tisa. Ya tatu ina kishikizo cha chuma nyuma, kwenye ukingo. Ni ya Hungaria, M38. Kuna mtu kaibandika tai wa Kijerumani! Dakika mbili zimetosha.

Saa kumi. Picha za katalogi. Tai wa jeshi ameshika swastika, na kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kuianika hadharani isipokuwa kwa sababu kama elimu na utafiti. Kwenye picha naifunika kwa karatasi nyeupe. Wapo wanunuzi wanaoudhika na ile karatasi. Hao ndio ninaowaangalia mara mbili.

Saa kumi na moja jioni, mama mwenyewe anafika. Namwonyesha mchubuko kwa lenzi, anautazama kimya kwa muda mrefu.

"Mume wangu alilipa bei ya nembo mbili."

"Aliuziwa hivyo, mama. Kofia yenyewe ni ya kweli. Nembo ndizo mpya."

Anauliza kama nembo zinaweza kubanduliwa. Zinaweza, na mimi ningependelea hivyo, kwa sababu zikibaki kuna siku atatokea wa kuziuza tena kama za zamani. Anakubali. M42 inaingia mnadani. M35 naiandikia kadi: chuma halali Q66, nembo zimeondolewa, bei ya kofia isiyo na nembo. Ya Hungaria anaondoka nayo kwenye mfuko wa sokoni.