Leipzig na kwaya ya binti yangu
Jamani, walioimba ni watoto lakini sauti imenikauka mimi! Nilisindikiza kwaya ya shule ya binti yangu hadi Leipzig, Ujerumani. Waliimba ndani ya Thomaskirche, kanisa ambamo Bach, yule mtunzi maarufu wa muziki, aliongoza muziki tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Kaburi lake limo humohumo, limefunikwa bamba la shaba sakafuni.

Wimbo wa kwanza walianza chini mno, mwalimu akawasimamisha, wakaanza upya. Aibu niliona mimi, wao wala! Halafu ile sauti ya mwisho ikabaki inaelea juu darini... mwili ulinisisimka.

Nikamkumbuka marehemu babu kule Machame, Kilimanjaro. Wamisionari waliofika kwao 1893 walitoka mji huuhuu.

Kwenye basi la kurudi? Wote usingizi fofofo.