Wewe unanipa nini?

Send-off ya Rehema imepita salama, leseni yangu ya uwakala wa bima imehuishwa, na bado wiki nzima kichwani inazunguka sentensi moja tu, ya yule kaka wa vipuri pale Kariakoo: "Dada, mwenzio kanirudishia elfu kumi. Wewe unanipa nini?"

Bima ndogo ya gari la binafsi, ile ya third party, ni 118,000: laki moja, juu yake VAT ya asilimia 18. Kiwango cha chini kinatoka TIRA, mamlaka inayosimamia bima, hakuna wa kukishusha. Anayerudisha elfu kumi anaimega kamisheni yake mwenyewe, na hairuhusiwi. Mwakani atatokea wa kumi na tano. Mteja wa hivyo humpati, unamkodi.

"Wewe unanipa nini?" Nikamwambia, "Kaka, nipe dakika tano tuongelee stoo yako, gari liache." Akacheka, akageuka kumhudumia mtu wa plagi. Maneno yake nayaelewa, ni biashara. Kicheko ndicho kinachoniuma.

Maana pale gari ni mlango tu. Kariakoo moto hauhitaji kuelezewa, tangu soko lilipoungua Julai 2021 kila mtu anaujua. Wengi watakwambia, "Bima ninayo, benki walinikata kwenye mkopo." Hapo usibishane, omba uione polisi, yaani hati yenyewe ya bima. Mara nyingi imekatwa kwa kiasi cha mkopo, na benki imeandikwa kama mlipwaji wa kwanza. Chukua mkopo wa milioni 30 kwenye mzigo wa milioni 80. Ukiungua wote, 30 zinakwenda benki, 50 zimekwenda na moshi. Ukiungua wa milioni 16 tu, kampuni inaangalia uwiano: umekata 30 kwa 80, basi unalipwa milioni 6, nazo benki ina neno la kwanza. Hesabu hii naiandika nyuma ya risiti mbele yake, kwa takwimu zake yeye. Vipeperushi siku hizi sigawi, vinafungia karanga.

"Wewe unanipa nini?" Hicho, kaka. Hiyo risiti.

Jumamosi jioni, nikiwa bado na kinyongo, simu ikaita. Jirani yake, wa duka la taa za magari. "Wewe ndiye dada wa stoo? Huyu hapa ananiambia una maswali magumu." Kumbe alisikia! Nikajikuta natabasamu peke yangu kwenye daladala kama chizi.

Sasa huyu wa taa nimemwomba aandae vitu kabla sijafika: daftari la stoo, ankara za mzigo, risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) za miezi ya karibuni, na polisi ya benki. Bila kumbukumbu za mzigo, siku ya madai mkadiriaji atahesabu anachokiona, na majivu hayahesabiki. Daftari lenyewe lisilale dukani: kila wiki apige picha kurasa na kuzituma nyumbani. Nitauliza pia nani yuko juu na chini yake, maana fundi wa kuchomelea kwenye ghorofa moja anabadilisha kiwango cha bima, na ukimficha kwenye fomu kampuni inapata sababu ya kukataa.

Nitakwenda kabla ya saa tatu asubuhi, wateja wa mikoani hawajajaa. Nikitoka kwake sivuki mtaa, naendelea na korido ileile mlango kwa mlango, kwa kuwa wanaulizana. Kila mlango naandika jina la duka, aina ya mzigo na tarehe bima inapoisha, hata kama wamenikatalia. Tarehe ndiyo mali. Mwezi mmoja kabla haijafika napiga simu, na wa vipuri naye yumo, Novemba.