Siku moja kazini: kitufe kinaitika, nyumba haina kinga

Saa 1:00 asubuhi

Kabla sijatoka najaribu mita kwenye soketi ninayojua ina umeme. Leo itaniambia mara nyingi kwamba waya hauna moto, na mikono yangu itaiamini. Testa ya bisibisi siitegemei kwa kazi hiyo, hata iwe mpya kiasi gani.

Saa 2:30

Mama mwenye nyumba ameniita kwa sababu bomba la jikoni linamtekenya kila akiosha vyombo. "Lakini fundi aliyepita alibonyeza kile kitufe cha kupimia, kikazima nyumba nzima. Akasema kinga iko sawa."

"Mama, usiliguse tena hilo bomba, wala watoto wasilikaribie," namwambia, na moja kwa moja naenda kuzima mein swichi. Mtu aliyelowa maji, miguu chini kwenye sakafu, anaweza kuuawa na umeme ambao jana ulimtekenya tu. Miliampia 10 hivi zinatosha kuubana mkono usiweze kuachia.

Saa 3:15

Nafungua boksi. Kinga yenyewe ni ELCB ya zamani, swichi ya kukata umeme unaovuja, ile inayopima volti. Hujulikana kwa vishikizo vyake viwili vya ardhi: F, panapofika nyaya za ardhi kutoka kwenye vyombo vya nyumba, na E, panapotoka waya kwenda kwenye fimbo iliyochimbiwa nje. Kati yake kuna koili. Bodi ya chuma ya chombo ikipata volti kama 50 hivi, umeme unapita kwenye koili kwenda ardhini, na swichi inakata.

Waya wa E ni mzima. Wa F umeliwa na kutu mpaka umekatika ndani ya gamba lake. Kwa nje ungeapa umeshika, nikiuvuta kidogo unabaki mkononi. Ndiyo maana kitufe kilimridhisha mwenzangu. Ukikibonyeza, umeme wa majaribio unaanzia humo humo ndani ya boksi, unapita kwenye koili na kutokea E. Haupiti jikoni. Koili ni nzima, fimbo ni nzima, na hakuna chombo hata kimoja kilichounganishwa nazo.

Hata waya huo ungekuwa mzima, bado nisingelala vizuri. ELCB ya volti inauangalia waya wa ardhi peke yake. Mtoto akigusa waya wa moto, umeme ukapita mwilini mwake hadi sakafuni, haupiti kwenye koili, na swichi haina habari.

Saa 4:30

Mzunguko wa jikoni. Natoa plagi zote, natenganisha hita ya maji, kisha nachomeka mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama gamba la nyaya bado linazuia umeme. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Nyaya za jikoni zinasoma 0.2, na hita nikiipima peke yake iko karibu na sifuri. Elementi yake imepasuka na inavujisha umeme kwenye bodi, bodi imeshikana na bomba. Zamani bomba la chuma lilifika mpaka ardhini na kuumwaga umeme huo. Mama anasema bomba la kuingiza maji lilibadilishwa likawekwa la plastiki. Njia ile ikafa, na waya wa F ulikuwa umeshakatika.

Saa 6:00

Darini kuna joto kali. Nyaya za huku zina gamba la mpira, za kabla gamba la plastiki ya PVC halijazoeleka. Naupinda mmoja taratibu, mpira unapasuka na kudondoka vipande, shaba inabaki uchi juu ya mbao kavu. Sifungi tepu. Tepu ingemfanya mwenye nyumba aamini kwamba pamepona.

Saa 7:30

Maji, nusu saa ya kupumzika.

Saa 8:00 mchana

Nafunga RCD ya miliampia 30, kinga mpya ya kuchukua nafasi ya ELCB. Hii inalinganisha umeme unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro, kama mhasibu wa zamu: kilichotoka kisiporudi chote, inakata, upungufu uwe umepita kwenye bomba au kwenye mwili wa mtu. Lakini ukishika moto na nyutro kwa pamoja inakuona wewe ni mzigo wa kawaida, na waya uliozidiwa haiuoni kabisa. Breka za kawaida lazima zibaki.

Nawasha, inakata papo hapo. Taa za ukumbini zimeazima nyutro ya mzunguko mwingine ambao haupiti kwenye RCD. Fundi mwenye haraka hapa huunganisha nyaya bila kupitia RCD na kusema "imeharibika". Kuitafuta nyutro hiyo kunanila saa nzima.

Saa 10:15

Vipimo vya RCD. Kwa miliampia 15 haitakiwi kukata, na haikati. Kwa 30 inakata kwa milisekunde 24, ilhali kikomo ni 300. Fimbo ya ardhi inasoma omu 64, na waya mpya wa ardhi sasa unafika kila soketi ninayoiacha ikifanya kazi.

Saa 11:00 jioni

"Nipikie wapi leo, fundi?"

"Jikoni sitawasha, mama. Nimezitoa nyaya zake kwenye breka, na hita isirudishwe, inunuliwe nyingine." Namwonyesha kitufe cha RCD, akibonyeze kila mwezi, kisichokata aniite siku hiyo hiyo. Kisha tunakaa na karatasi tupange nyaya za jikoni zianze kubadilishwa kesho asubuhi, vyumba vya kulala vifuate.