Benchi la vioo vya mpindo: vipimo vya awali, Dodoma

Kioo mbonyeo (kilichobonyea ndani) kilichotumika ni cha kujipodolea, kipenyo sm 15, aina inayopatikana Soko la Majengo. Fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi pale miale ya kitu cha mbali inapokutana, ilikadiriwa dirishani: kioo kikatazamishwa Mlima Simba, karatasi nyeupe ikasogezwa mbele yake hadi mlima ukatokea umepinduka, kingo zake zimekolea. Umbali wa karatasi na kioo ni sm 20, na hiyo ndiyo f. Kisielekezwe kwenye jua. Jua la kiangazi cha hapa, likikusanywa na kioo cha ukubwa huu, linaunguza karatasi. Kazi ikiisha kinafunikwa kitambaa.

Benchi ni ubao wa sm 120 uliobandikwa futi ya fundi. Mshumaa haufai, upepo wa mchana hauachi mwali utulie na ncha yake haipimiki. Badala yake kuna herufi F ya sm 1 iliyokatwa kwenye karatasi nyeusi, nyuma yake taa ndogo ya LED. F inaonyesha mara moja kama taswira imegeuka juu chini na kushoto kulia. Skrini ni karatasi ya grafu, urefu unasomwa hapo hapo.

Herufi ikiwa sm 60 kutoka kwenye kioo, taswira inakaa sm 30, urefu nusu sentimita. Kwa sm 40 inarudi sm 40, urefu sm 1 kama herufi yenyewe. Kwa sm 30 inakwenda sm 60, urefu sm 2. Yote yanatii 1/f = 1/u + 1/v, ambapo u ni umbali wa herufi na v umbali wa taswira kutoka kwenye kioo, na ukuzaji m (urefu wa taswira kwa urefu wa herufi) ni v/u. Kwa sm 25 hesabu inadai sm 100 na ukuzaji wa 4, lakini kipimo hiki si cha kutegemea: ukikosea milimita 3 tu kwenye u, taswira inahama karibu sm 5.

Tatizo kubwa ni ukungu wa taswira, na una vyanzo viwili. Cha kwanza ni kingo za kioo: miale ya pembeni inakutana karibu na kioo kuliko ya katikati. Pete ya karatasi nyeusi yenye tundu la sm 5 inaondoa ukungu huo. Mwanga unapungua, kwa hiyo funga mapazia. Cha pili ni mwinamo. Kioo lazima kiinamishwe kidogo ili herufi isizibe taswira yake, ila kikizidi, mguu wa F unakolea mahali pamoja, mikono yake mahali pengine. Ukiona hivyo usihangaike na skrini, rudisha kioo.

Grafu ya ukuzaji dhidi ya v ndiyo tunayoiamini zaidi, kwa sababu m = v/f − 1: mstari ulionyooka, mteremko 1/f. Mstari usipokata mhimili wa m kwenye −1, sifuri ya futi haijakaa usoni pa kioo.

Kioo mbinuko (kilichobinuka nje) cha pikipiki hakitoi taswira ya skrini. Pini iliwekwa sm 40 mbele yake, na kioo bapa kikaziba nusu ya chini, kikasogezwa hadi taswira mbili za pini, ya kioo bapa na ya mbinuko, zikawa haziachani ukitikisa kichwa. Kioo bapa kilikuwa sm 32 kutoka kwenye pini, yaani sm 8 mbele ya mbinuko. Taswira ya kioo bapa iko sm 32 nyuma yake, basi ni sm 24 nyuma ya mbinuko, ukuzaji 0.6, fokasi sm 60 (v na f zikihesabiwa hasi, kwa kuwa ziko nyuma ya kioo). Kwa kioo hicho, gari lililo mita 10 nyuma lina taswira sm 57 ndani, iliyopungua karibu mara 18.