Chupa ya chai ya shangazi

Nimetoka kwenye kikao cha ukoo sasa hivi. Kugawana shamba la marehemu babu.

Shangazi ndiye aliyemuuguza babu. Ile kahawa kaipalilia yeye.

Alipofungua mdomo tu, baba mkubwa akamkatiza: "Wewe uliolewa. Shamba la huku la nini?"

Nikataja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwamba mwanamke ana haki sawa ya kumiliki ardhi. Binamu yangu (msomi huyo!) akanirudisha kwenye tamko la sheria za kimila la 1963, linalombana mwanamke kwenye urithi wa ardhi ya ukoo. Na kweli, yote mawili yapo vitabuni.

Rais mwanamke tunaye tangu 2021. Siku anaapishwa nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Shangazi hakubishana. Alikuwa amesimama na chupa ya chai, kifuniko wazi, mvuke unatoka. Akaendelea kuwamiminia, mmoja mmoja. Kwa baba mkubwa mkono ukatetemeka, chai ikajaa kwenye sahani.

Kimya.

Jamani, kwenu kuna shangazi aliyepata chake? Alianzia wapi, baraza la kata au mahakamani? Niambieni, kesho nampigia.