Mwalimu kaona nusu, mzazi kaona nusu, mtoto ni yuleyule

Leo naongea na wazazi wenye watoto wa miaka miwili mpaka mitano, na walimu wenzangu wa chekechea, maana kuna hili jambo linajirudia kila mwaka na kwa kweli linaniuma. Mtoto kachelewa kuongea, au haitikii akiitwa, au anatembea kwa vidole na kuangukaanguka, mwalimu analiona ananyamaza, mama naye analiona ananyamaza, kila mmoja anaogopa kumkwaza mwenzake na miezi inakatika.

Hebu angalieni mambo yalivyo kwetu Tanzania. Mtoto akiwa mchanga anaonwa na wahudumu wa afya karibu kila mwezi, anapimwa uzito, anachanjwa, kadi inajazwa. Ikishapita chanjo ya pili ya surua na rubela pale kwenye miezi 18 akina mama wengi wanaona kazi imeisha, kadi inaingia kabatini, japo kliniki inatakiwa iendelee mpaka afike miaka mitano. Darasa la awali nalo anaanza akiwa na miaka mitano hivi. Sasa hapo katikati, miaka yote hiyo ambayo ndo lugha inafunguka, kama mtoto anashinda kwenye kituo cha kulelea watoto basi mtu mwenye mafunzo anayemwona kila siku ni huyo huyo madam anayemfuta kamasi na kumfundisha nyimbo. Hakuna mwingine. Ndo maana nasema huyu madam akinyamaza, na mama akinyamaza, mtoto hana mtu.

Nitoe mfano, na nimegeuza mambo madogo madogo ili familia isijulikane. Mtoto wa kiume, miaka mitatu na nusu. Akitaka maji haombi, anakushika mkono anakuvuta mpaka kwenye jagi. Tukiimba anafungua mdomo huku kakazia macho midomo ya wenzake, anakuwa nyuma yao kidogo tu. Ukimwita wakati anatazama dirishani hageuki, lakini ukigonga ile meza aliyoiegemea anageuka hapohapo. Mama yake alipokuja tulikaa ofisini, mlango umefungwa, nikamuuliza tu, mama, nyumbani mnamwitaje akija kula? Akasema madam huyu mpaka nimfuate nimshike bega, na tivii anaisogelea mpaka anagusa kioo, ukipunguza sauti ni kilio, baba yake anasema huyu ana kiburi. Halafu wakati anainuka kuondoka akaongeza kama jambo dogo tu, kwamba akishikwa na mafua sikio moja huwa linatoa usaha, wanalitia mafuta ya nazi ya uvuguvugu linakauka.

Mnaona hapo? Mimi nilikuwa na meza na nyimbo, yeye alikuwa na tivii na usaha. Ukichukua vya kwangu peke yake unaweza kusema huyu ni usonji (autism), ukichukua vya kwake peke yake unasema mkorofi. Vikiwekwa pamoja, kitu cha kwanza ni masikio. Na ndivyo ilivyokuwa, daktari wa masikio, pua na koo alikuta sikio moja ngoma imetoboka kwa usaha wa muda mrefu na la pili lina maji nyuma ya ngoma, sauti zilikuwa zinamfikia zimefifia. Sikio linalotoa usaha jamani halitiwi mafuta, halitiwi maziwa ya mama, halitiwi chochote ambacho mtaalamu hajakwambia, linapelekwa hospitali. Na mtoto yeyote aliyechelewa kuongea apimwe kwanza usikivu kabla ya mambo mengine yote, hata kama wewe una uhakika anasikia kwa sababu akisikia muziki anacheza.

Kuna mwingine ilikuwa kinyume kabisa. Binti wa miaka minne, mgeni darasani, wiki na wiki haongei neno, walimu tukaanza kunong'onezana. Bibi yake alipokuja kumchukua nikamwamkia, nikamuuliza, bibi, huyu mjukuu wako nyumbani anaongea? Bibi akashangaa, akasema huyu hanyamazi, ananisimulia mambo ya mbuzi na ya shangazi zake mpaka napitiwa na usingizi. Kwa Kisukuma. Walikuwa wametoka Shinyanga si muda mrefu na Kiswahili chetu kilikuwa kinampita tu. Mtoto mzima kabisa! Ukitaka kujua lugha ya mtoto unahesabu maneno ya lugha zake zote, na kulelewa kwa lugha mbili hakumcheleweshi mtoto, hilo tuache kuwatishia wazazi.

Sasa nije kwenye namna ya kuambiana, maana hapa ndo tunapoharibu. Walimu wenzangu, getini saa sita mchana si mahali pa kusema "mama fulani, mwanao mbona haongei kama wenzake" huku wazazi wengine wamesimama na bodaboda inasubiri. Kwenye grupu la WhatsApp la darasa ndo kabisaa usithubutu. Mwite faragha, ikiwezekana na baba aje, maana mama akirudi nyumbani peke yake na hiyo habari mara nyingi ataulizwa ulikula nini ulivyokuwa mjamzito, ataambiwa ni upande wenu huo, na safari ya hospitali inafia hapo. Anza na yale mtoto anayoweza, na uwe unayajua kweli. Halafu soma kwenye daftari, tarehe, saa, nini kilitokea: Jumanne nimemwita mara kadhaa akiwa nyuma yangu hakugeuka, nilipomgusa aligeuka. Hicho mzazi anaweza kukibeba. Ukimwambia "naona ana usonji" umempa jina ambalo wewe huna kipimo chake, na atakachokisikia ni hilo jina tu, mengine yote yatampita.

Na mzazi, madam akikuita usije na ngumi. Najua inauma. Ila anayekwambia mapema anampenda mwanao, kungekuwa rahisi zaidi kwake kupokea ada na kukaa kimya, na wapo wenye vituo wanaowaambia walimu kabisa msiseme, mtafukuza wateja. Wapo pia wanaofanya kinyume chake, wakiona tu mtoto ana utofauti wanamrudisha nyumbani, "hatuwezi kukaa naye". Hawa wote wawili wanamwacha mtoto njiani.

Kuhusu "subiri ataongea tu", baba yake naye alichelewa, wavulana huchelewa. Ni kweli wavulana kwa wastani huchelewa kidogo, kidogo sana, si mwaka mzima. Miezi 18 mtoto awe anatembea mwenyewe. Miaka miwili awe anaunganisha maneno mawili, "mama maji", "baba kaenda". Miaka mitatu mtu asiyemzoea awe anamwelewa sehemu kubwa ya anachosema. Asipofika hapo haimaanishi ana ugonjwa, inamaanisha aonwe. Na yule aliyekuwa na maneno halafu maneno yakapotea, au aliyekuwa anakuangalia usoni akaacha, huyo hasubiriwi hata wiki.

Mambo ya kukata kimeo sitaki hata kuyasikia. Kimeo hakizuii mtoto kuongea, watoto wanavuja damu na kuoza koo bure kwa wembe wa mtu. Udata nao, yaani ulimi uliobanwa na kiungo cha ngozi kwa chini, unaweza kusumbua kunyonya na wakati mwingine kutamka baadhi ya herufi, ila mtoto mwenye udata bado anaelewa, ananyooshea kitu kidole, anajaribu kusema. Kama haelewi unachomwambia tatizo haliko chini ya ulimi. Na wa kutembea, kumsimamisha kwenye shimo la mchanga mpaka kiunoni hakufanyi miguu ikomae, kama ni mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi ya mtaalamu, na yakianza mapema yanasaidia kweli.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilekile cha kliniki, omba rufaa. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, ila nauli na dawa zisizokuwepo dirishani ni zako, ni vizuri mjue mapema mjipange. Ukikwama, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo kwa kazi hiyo, na hivi vituo vya watoto viko chini ya usimamizi wa ustawi huohuo. Siku ya kwenda beba kadi ya kliniki, beba ukurasa ambao madam ameandika, na kwenye simu uwe na video fupi za mtoto akiwa nyumbani akicheza, akila, akiitwa kwa nyuma. Watoto wengi wakiingia kwenye chumba cha daktari wanaganda au wanalia, daktari haoni kile mnachokiona nyie.

Mkirudi, madam aambiwe. Hapa wazazi wengi mnakata mawasiliano, mnaona ni siri ya familia, na mwalimu anabaki anaendelea kumkalisha nyuma mtoto asiyesikia vizuri. Yule kijana wetu alihamishiwa mbele, mbali na dirisha la barabarani, tukawa tunamgusa bega kwanza, tunachuchumaa usawa wa uso wake ndo tunaongea, na mama yake akafanya hivyohivyo nyumbani, tivii ikazimwa wakati wa kula. Kwenye daftari mwezi huo niliandika "ameomba maji kwa mdomo, amesema maji madam".

Anayemaliza kwetu akienda darasa la awali Januari anakutana na mwalimu mpya mwenye darasa lililofurika, ambaye hajui lolote kati ya haya. Nakala ya lile daftari iende nae. Mama ampelekee mkononi wiki ya kwanza, asingoje kikao cha wazazi.